Nyota Moja ya Mzee Risiti

Kama gazeti la wiki jana ulifungia sabuni kabla hujanisoma, sikulaumu, ila itabidi nikurudishe nyuma kidogo. Leo nina haraka. Tangu asubuhi nakaa nasimama, nasimama nakaa, na hata kalamu hii nimeiweka chini mara kadhaa nikaenda kuchungulia mlangoni bila kujua namchungulia nani.

Mimi ni dereva wa teksi. Kituoni kwetu wananiita Mama Nyota, na jina hilo sikupewa kwa uzuri wa sura. Chama chetu kilichoka kuuziwa spea feki, kikanichagua niwe mpimaji wa maduka. Nanunua kipuri bila muuzaji kujua nimetumwa na nani, kinafungwa kwenye gari la mwanachama, tunakiangalia barabarani, halafu nachora nyota kwenye ubao wa kituo. Nyota tano, nenda kanunue umefumba macho. Nyota moja, pita upande wa pili wa barabara.

Wiki jana niliwasimulia nilivyompa Mzee Risiti nyota moja. Huyu ni mzee mwenye duka la spea pale kona, na tunamwita hivyo kwa sababu hata ukinunua nati moja atavaa miwani yake akuandikie risiti. Nilinunua kwake pedi za breki, zikafungwa kwenye gari la dereva mwenzetu anayeitwa Kobe. Haikupita muda gari likafeli breki, likavaa ukuta, na Kobe akavunjika mkono.

Kobe huyo, tangu ameanza kazi, hajawahi kupita gari lolote isipokuwa lililoegeshwa. Kama yeye alipata ajali, sisi wengine tungekuwa tunasomewa majina msibani.

Aliyezifunga pedi zile ni mume wangu, maana ndiye fundi wa chama. Aliyezifungua baada ya ajali ni yeye pia. Akatuonyesha chuma kitupu, akasema, "Hii si pedi, huu ni unga uliogandishwa." Nikazitundika ubaoni kwa waya, chini ya jina la mzee, nikachora nyota moja. Watu wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Niliishia pale Mzee Risiti alipokuja kituoni mwenyewe, akazishika zile pedi, akazigeuza nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hizi si zangu."

Nikacheka. Madereva nao wakacheka, mmoja akampigia honi mpaka akaondoka. Sasa sikilizeni kicheko kile kilivyonitokea puani.

Kesho yake nilikwenda dukani kwake. Sikuwa na sababu ya kwenda. Nilijiambia naenda kumwonya asije tena kituoni kutuletea fujo, lakini mtu anayekwenda kuonya hatembei akigeuka nyuma kuangalia nani anamwona.

Nilimkuta anafuta vumbi kwenye boksi ambalo halikuwa na vumbi.

"Karibu, mama. Leo umekuja kununua au kuchora?"

"Nimekuja kukusikiliza, mzee."

"Kusikilizwa baada ya kuhukumiwa. Haya, afadhali hata hivyo. Kaa."

"Nitasimama tu."

Alichukua boksi la pedi mpya, akalifungua, akanigeuzia bati la nyuma. Pembeni kabisa, mahali ambapo hapaguswi na kitu, palikuwa na mikwaruzo miwili midogo iliyopishana.

"Unaona?"

"Naona mikwaruzo."

"Naikwaruza mwenyewe kwa ncha ya msumari kabla sijaweka kitu rafuni. Hakuna pedi iliyotoka mlango huu bila alama hiyo. Marehemu mke wangu mwenyewe alikuwa hajui."

"Kwa nini ufiche?"

"Kwa sababu watu wananunua feki huko, zikiwaharibikia wanakuja kuzirudisha kwangu. Nikigeuza nyuma najua yupi nimrudishie na yupi nimwambie kwaheri. Ningetangaza alama, wiki ijayo feki zote zingekuwa nayo. Zile mlizotundika ubaoni nimezigeuza mbele yako. Zilikuwa na alama?"

Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kila muuzaji ana hadithi yake, na nikamwambia hivyo.

"Ndiyo maana sijakuomba uniamini," akasema. "Niambie tu, wewe unapotupima unapima nini?"

Hapo nilijinyoosha. Hicho ndicho kitu ninachokijua. "Napima kama muuzaji anauliza namba ya chesisi kabla ya kukimbilia rafu."

"Mimi niliuliza?"

"Uliuliza."

"Endelea."

"Kama anasema ukweli, kwamba hii ni orijino, hii ni ya kuiga, hii imetumika. Ulisema. Kama bei ya mwanamke na ya mwanaume ni moja. Nilimtuma mwenzangu wa kiume siku nyingine, ukamtajia bei ileile. Kama anakubali kurudishiwa. Ulisema nirudishe ikigoma kukaa."

"Na la mwisho?"

"Kama kipuri kinadumu barabarani."

"Basi hata nikianguka hilo la mwisho, nyota zangu nyingine tatu zilikwenda wapi?"

Mzee hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Kulikuwa na mtu amevunjika mkono, mzee. Watu walikuwa na hasira."

"Watu, au wewe?"

"Na mimi."

"Na ulipotaka kujua kwa nini breki zimefeli, ulimwuliza nani?"

"Fundi."

"Yupi?"

"Aliyezifunga."

Mzee akafunga boksi lake, akalirudisha rafuni, akalisogeza kidogo likae sawa na wenzake. "Muuzaji umempima," akasema. "Mfungaji alipimwa na nani?"

Ndugu zangu, mnataka kujua aibu yangu ilianzia wapi? Siku chama kinaanzisha upimaji, Mwenyekiti alisimama akasema fundi wa majaribio asiwe mtu wa nyumbani kwa mpimaji. Nikamrukia. Nikamwambia mume wangu namjua kuliko ninavyoujua usukani wangu, na atakayemtilia shaka ananitilia shaka mimi. Watu wakanyamaza. Kila mtu anamheshimu mwanamke anayemtetea mumewe, na heshima hiyo ndiyo iliyoharibu kipimo chote.

"Nitachunguza," nikamwambia mzee. "Nipe muda."

"Muda wangu ni mpaka Ijumaa. Miwani anakuja kuchukua rafu zote."

Miwani ni muuzaji wa mtaa wa pili. Nyota tano, nilizichora kwa mkono wangu.

"Unauza duka?"

"Nauza vitu. Duka limekwishakufa. Tangu ubao wako, wanaoingia humu ni wanaouliza njia." Alitabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko angenitukana. "Mimi sina ubavu wa kugombana na ubao, mama. Mkutano wenu si Ijumaa alasiri? Nitamweka Miwani mpaka mwisho. Ubao ukifutwa, nipigie, nitamwambia arudi na lori lake tupu. Usipofutwa, apakie."

"Kwa nini usije mkutanoni useme mwenyewe?"

"Nilikuja mara moja. Mlinipigia honi."

Nilitoka pale karibu nikimbie.

Nyumbani nilimkuta baba watoto uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko. Hata salamu sikutoa.

"Pedi za Mzee Risiti ziko wapi?"

"Si umezitundika mwenyewe ubaoni?"

"Zile hazina alama."

"Alama gani?"

Hapa ndipo mjue kwamba gari langu lina breki lakini mdomo wangu hauna. Nikamwaga yote: msumari, mikwaruzo miwili, pembeni ya bati, siri ambayo marehemu alikufa bila kuambiwa. Mume wangu akaacha kunawa. Povu likawa linamdondoka kwenye vidole, naye anaangalia povu.

"Mbona kimya?"

"Kaa chini, mama watoto."

"Nisikae! Kila mtu leo ananikalisha. Sema!"

"Ziko kwenye gari lako."

Sikumwelewa. Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Teksi yangu? Hii?"

"Hiyo."

"Na zilizofungwa kwa Kobe?"

"Zilikuwa zako. Zile za zamani."

Nikakaa bila kulazimishwa. Yaani yule aliyetengeneza magari ya mtaa mzima alikuwa amemwacha mkewe aendeshe gari linalolia, halafu siku alipoamua kunihurumia, akamvua Kobe.

"Wewe ndiye uliyenipigia kelele," akasema. "Asubuhi ile ulisema gari linasaga chuma kwenye mteremko wa shule. Na watoto wamo ndani. Siku nzima nilikuwa nausikia ule msago masikioni. Jioni pedi mpya ziko mkononi, gari la Kobe huku, lako huku. Nikasema leo nawawekea wanangu, kesho nanunua nyingine namwekea Kobe."

"Nilikuambia uninunulie pedi! Nilikuambia umvue mtoto wa watu?"

"Kobe alikuja nikiwa nimetoka. Akakuta gari lina tairi zote, akajua limeisha, akaondoka nalo."

"Ungempigia simu!"

"Nimwambie nini?"

"Umwambie asiendeshe! Maneno hayafiki hata matano!"

Akaanza kulia. Miaka yote nimemwona akibanwa vidole na injini bila kutoa chozi, siku ile alilia amesimama, mikono yote povu, hana pa kujifutia. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfuta, vyote kwa mara moja, na sikufanya hata kimoja.

"Fungua tairi," nikamwambia.

Akaleta jeki, akafungua. Niliinama mwenyewe nikaangalia. Mikwaruzo miwili iliyopishana. Niliigusa kwa kidole. Siku zote zile nilikuwa nakanyaga breki zinashika vizuri, namshukuru Mungu, kumbe nashukuru juu ya mkono wa Kobe.

"Nizitoe?" akauliza.

"Ziache hapohapo. Ijumaa wote watakuja kuziona zilipo, nisije nikaambiwa nimezileta mfukoni."

"Mama watoto, usimwage mchele kwenye kuku wengi. Gereji itakufa."

"Na duka la mzee wa watu?"

"Sema tu kipimo kilikuwa na kasoro. Mpe nyota tatu, yaishe."

Nitawaambia ukweli, maana nilikwishaahidi kwamba humu sifichi kitu: nilizipenda nyota tatu zile. Nilizipenda usiku kucha. Nyota tatu hazimvui mtu nguo. Lakini kila nilipofumba macho namwona mzee anasogeza boksi likae sawa na wenzake, na lori la Miwani liko mlangoni.

Asubuhi nikamwambia mume wangu, "Nasema yote. Nikificha kidogo, siku nyingine hakuna atakayeamini nyota yangu hata moja, na ya kwanza kutoiamini nitakuwa mimi."

Alichukua kofia yake ya kazi, akaivaa. Kisha akasema, "Basi sema. Nitasimama na wewe."

Nilimpenda mwanaume yule asubuhi ile kuliko siku aliyoleta mahari.

Nikampigia Mzee Risiti. "Mzee, nimeziona. Zina alama."

"Umeziona wewe," akanijibu. "Wateja wangu wanaangalia ubao."

Ijumaa ikafika. Sikuweza kunywa hata chai. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni, najifundisha maneno. Nianze na ajali? Nianze na pedi? Nianze na samahani?

Mume wangu akaingia. "Niachie funguo nikalioshe gari. Utakwendaje kusimama mbele za watu na gari lenye vumbi?"

Nikampa. Nilijua anatafuta namna ya kuniambia pole, na mafundi huongea kwa mikono. Alilirudisha linang'aa kama la bwana harusi. Alikuwa ameosha mpaka rimu.

"Asante, mume wangu," nikamwambia.

Naomba neno hilo lisikupiteni. Nilimwambia asante.

Alasiri kituo kilijaa. Mabenchi hayakutosha, wengine walikaa juu ya boneti. Kobe alikuja na mkono kwenye plasta, amevaa shati lililokatwa mkono mmoja. Mwenyekiti akafungua mkutano, na ajenda ya kwanza ikawa kumfanya Miwani awe muuzaji rasmi wa chama, yaani spea zote za magari yetu zitoke kwake.

"Kabla hamjapiga kura," nikasema, "nina la kusema."

"Mama Nyota ameshasema ubaoni," mmoja akadakia. "Tano kwa moja, mechi imeisha!"

Wakacheka. Mimi niliuona ubao, niliziona zile pedi mbovu zinaning'inia kwenye waya, nikaona nikichelewa kidogo miguu itanikimbia.

"Nyota niliyompa Mzee Risiti ni ya uongo," nikasema.

Vicheko vikakatika. Kisha kelele. Mwenyekiti akagonga benchi. "Mwacheni aseme!"

Nikasema. Nilisema pedi zilinunuliwa nzuri, zikafika gereji nzuri, na hazikufungwa kwenye gari la Kobe. Nilisema zilizofungwa zilikuwa zimekwisha, na zilitoka kwenye gari langu. Nilisema za mzee zilifungwa kwangu. Nilisema sikujua, na kwamba kutojua kwenyewe ni kosa, kwa sababu mpimaji hakupaswa kumwachia mumewe kipimo na kugeuza mgongo. Nilisema sikumsikiliza mzee kabla ya kumchora. Jina la mume wangu sikulitaja kwa ubaya. Nilisema tu aliwaogopea watoto.

Nilipomaliza, mtu wa kwanza kuongea alikuwa Kobe. Na kama kawaida yake, hakuwa na haraka.

"Shemeji. Breki zangu ulikuwa unazikanyaga wewe?"

"Nilikuwa nazikanyaga mimi, Kobe."

"Na mimi nilikuwa nakanyaga zako."

"Ndiyo."

Akaangalia plasta yake. Angenitukana ningepumua.

Nyuma akasimama dereva mwingine, yule mpenda maneno. "Jamani, tusichezewe akili! Wiki jana alisema mzee ni mwizi, leo mzee ni malaika. Kuna mtu amekwenda kulia dukani kwa mzee, akalainishwa. Mzee amekupa nini, Mama Nyota?"

"Hajanipa kitu."

"Tutajuaje?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalingojea. Nilihisi hata pumzi inarudi.

"Msiniamini," nikasema. "Mpimaji haaminiwi kwa mdomo. Kila pedi ya Mzee Risiti ina mikwaruzo miwili iliyopishana, nyuma ya bati, pembeni. Zilizoko ubaoni hazina, zigeuzeni. Gari langu hilo hapo. Fungueni tairi, mzione zilipo."

Wakazigeuza za ubaoni. Hazina. Minong'ono ikabadilika sauti. Mwenyekiti mwenyewe akanitazama kwa jicho lingine, na moyoni nikasema, mzee, shika simu yako karibu.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia imeshuka usoni. Alipiga hatua kuja na jeki. Kobe akanyoosha mkono wake mzima. "Wewe usiguse. Afungue mwingine."

Dereva mmoja akainua gari, akafungua nati, akavuta tairi. Watu walijazana mpaka nikasukumwa nyuma. Mwenyekiti akainama, pedi zikachomolewa, akazigeuza juani, akazisogeza karibu na macho, akazisogeza mbali.

"Mama Nyota, ulisema mikwaruzo?"

"Miwili, imepishana. Angalia pembeni."

"Pembeni ni safi."

"Haiwezekani. Nipe."

Nilizishika. Zilikuwa pedi mpya, nzuri, bati la nyuma laini kabisa. Nikapitisha kidole palepale nilipokipitisha siku ile. Hapakuwa na kitu.

"Fungueni upande wa pili!"

Wakafungua upande wa pili. Pedi mpya. Bati laini.

Wengine mtaniuliza kwa nini sikupiga picha siku nilipoziona. Simu yangu ni ya kubonyeza, haina hata tochi ya maana. Lakini hata ningekuwa na simu yenye macho manne, nisingepiga. Mtu hapigi picha ya ushahidi uani kwake, mbele ya mumewe anayelia.

"Si nimesema?" yule mpenda maneno akapaza sauti. "Amenunuliwa! Anamsafisha mzee kwa hadithi za alama! Sasa hata nyota za Miwani tujue alizichora kwa sababu gani!"

"Na mumewe amemchafua bure," mwingine akasema. "Mwanamke gani anamtoa mumewe kafara kwa ajili ya muuza spea?"

Wakaanza kumpa pole. Kweli nawaambia, walikuwa wanampa pole mume wangu, wanampigapiga bega, naye anaziitikia akiangalia chini.

Niliwapenya. Sikumbuki nilimsukuma nani. Nikasimama mbele yake karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni ya kuoshea gari kwenye mikono yake.

"Baba watoto. Ziko wapi?"

Akainua uso. Macho yake yalikuwa makavu.

"Zipi?" akasema.

Neno moja tu. Nilimwangalia mdomo nikingoja aongeze jingine. Nilingoja acheke, alie, aseme samahani, nilishikwa na hofu. Hakuongeza. Yule aliyesema atasimama na mimi alikuwa amesimama kweli, lakini upande wao.

Mwenyekiti akaja taratibu. Si mtu mbaya. "Mama," akasema, "naomba chaki."

"Mwenyekiti, niliziona kwa macho yangu."

"Wewe uliziona. Chama hakijaziona. Naomba chaki, tupige kura ya Miwani tumalize mkutano."

Nilikuwa bado nimeifumbata kiganjani. Nikiitoa, nyota ile moja inabaki ubaoni milele. Nisipoitoa, nafuta kwa nguvu ubao usio wangu, na hakuna atakayeamini nilichofuta. Nikamtazama Kobe. Kobe akamtazama mume wangu, muda mrefu, kwa ule utaratibu wake, kisha akateremsha macho kwenye mikono ya mume wangu kama mtu aliyeanza kuhesabu jambo na hajamaliza.

Simu yangu ikalia.

Nilijua ni nani kabla sijaitoa. Kituo kizima kilinyamaza kunisikiliza. Nikaiweka sikioni kwa mkono wa kushoto, chaki iko kulia.

"Mama," sauti ya Mzee Risiti ilisema, na nyuma yake nikasikia injini ya lori inanguruma. "Nimemweka mpaka nimeishiwa maneno. Mkutano umeisha? Nibaki, au nimpe funguo?"